Je, Wajua? Sugu Isiyoota Mkononi

Shuka Kamukunji siku yoyote ya kazi, upite katikati ya mafundi wa jua kali wanaofua masanduku, majiko na makarai, kelele za nyundo zikikuziba masikio, kisha umpe mmoja wao mkono. Utagusa kitu kigumu chini ya vidole vyake, mfano wa kipande cha soli. Hiyo ndiyo sugu. Ukivuka hadi msikitini Pumwani utaikuta nyingine, kwenye paji la uso la mzee aliyesujudu miaka hamsini. Kiswahili kilipotafuta jina la tabia ya vijidudu kugoma kufa kwa dawa, kilichukua neno hili hili, tukapata usugu wa dawa. Neno zuri sana. Ila lina mtego, na wakazi wengi wa Eastlands ya Nairobi, kuanzia Kaloleni hadi Kayole, tumeshanaswa nao.

Mtego wenyewe ni huu: sugu huota kwa anayesuguliwa. Fundi ni yule yule, mkono ni ule ule, ila ngozi imezoea nyundo. Basi jirani yako wa ploti anapokwambia, "Amoxil siku hizi hainifanyi kitu, mwili umeizoea," anasema kitu ambacho lugha yake imemruhusu kusema.

Je, wajua kwamba mwili wake haujazoea chochote? Amoxil haikutengenezwa imguse yeye. Inamlenga bakteria, inamharibia ukuta wa nje anapojaribu kuujenga, anapasuka. Walio laini hufa wote. Anayebaki ni yule aliyezaliwa na kasoro fulani ambayo, kwa bahati yake, inamkinga na dawa hiyo. Huyo hakuvumilia wala hakujifunza. Amebaki tu, na sasa chumba chote ni chake. Bakteria aina ya E. coli, akiwa na chakula na joto la kutosha, hujigawa mara mbili kila dakika 20 hivi. Mwache mmoja peke yake saa mbili asubuhi. Kufikia saa kumi na mbili jioni, kwa hesabu ya karatasi, wamepita bilioni moja. Kwa kweli chakula huwaishia kabla ya hapo. Lakini hesabu hiyo inaeleza kwa nini mgonjwa anaweza kupata nafuu Jumatatu na kuzidiwa Jumatano.

Na je, wajua kwamba usugu uliitangulia dawa? Alexander Fleming aliiona penisilini London mwaka 1928. Mgonjwa wa kwanza kujulikana sana kwa kudungwa dawa hiyo alikuwa polisi mmoja wa Oxford, Februari 1941. Alianza kupona, dawa ikaisha, madaktari wakawa wanaikamua kutoka kwenye mkojo wake ili wamrudishie, na mwezi uliofuata akafariki. Sasa tazama tarehe: mwaka 1940, kabla polisi huyo hajadungwa, Edward Abraham na Ernst Chain wa hapo hapo Oxford walikuwa wameshachapisha habari za kimeng'enya cha bakteria kinachoivunja penisilini. Adui alikuwa langoni, mgeni hajafika. Fleming mwenyewe, akipokea Tuzo ya Nobel Desemba 1945, alionya kwamba anayemeza dozi ndogo kupita kiasi atawafundisha vijidudu kuishi na dawa.

Baadaye wanasayansi walichimba ardhi iliyoganda kule Yukon, Kanada, wakakuta jeni za usugu zenye umri wa miaka 30,000. Hakukuwa na kemisti Yukon. Dawa nyingi hizi zilitoka kwa viumbe vidogo vya udongoni vinavyopigana vyenyewe kwa vyenyewe tangu enzi, na kila silaha ilikuwa na ngao yake.

Karibu na kwetu kuna kisa kitamu zaidi. Mwaka 1980 watafiti walioichunguza mifupa ya watu waliozikwa Nubia, katika Sudan ya leo, karibu mwaka 350 baada ya Kristo, waliona iking'aa rangi ya manjano-kijani chini ya taa maalumu. Ilikuwa tetrasaiklini, dawa ambayo viwanda havikuijua hadi karne ya ishirini. George Armelagos na wenzake walihitimisha kwamba Wanubi waliinywa katika pombe yao ya nafaka, iliyokuwa na bakteria wanaotoa dawa hiyo. (Kabla mtu wa Mathare hajaanza kuandika bango: hapana, busaa ya leo haitibu chochote, na anayetaka kujua mengine amuulize aliyeamka nayo.)

Usugu hausubiri kurithiwa kutoka kwa mzazi. Miaka ya 1950 Wajapani waliona wagonjwa wa kuhara damu wakiwa na vijidudu vilivyoshinda dawa nne kwa mpigo, na kufikia 1959 walikuwa wamethibitisha kwamba usugu huo ulihamishwa kutoka kwa bakteria wa aina moja hadi kwa wa aina nyingine kabisa. Kinachohama ni kipete cha jeni, plasmidi, ambacho bakteria mmoja humtolea mwenzake kopi wanapogusana. Ni kama saiba ya mtaani: anayetoa kopi habaki mikono mitupu, na kila aliyepewa anaweza kufungua saiba yake. Matumbo ya binadamu, ya kuku na mtaro wa maji taka ni sehemu za msongamano ambapo biashara hii hunoga.

Kuku nimewataja makusudi. Kati ya mwaka 2015 na 2016 watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, iliyoko Kabete, pamoja na washirika wa Kenya na Uingereza, walizunguka Nairobi wakachagua kaya 99, nyingine zikifuga na nyingine hazifugi. Walichukua sampuli za watu, za mifugo, za wanyamapori wanaoishi miongoni mwetu bila kulipa kodi, kama vile panya na ndege, na za mazingira. Wakasoma jeni zote za bakteria 1,338 aina ya E. coli. Matokeo yalichapishwa 2022, na moja kati ya hayo ningelibandika kila ploti yenye banda la kuku kwenye rosheni: kaya, sambamba na aina ya kiumbe, ilieleza sana ni bakteria gani anapatikana wapi. Yaani, ingawa si mara nyingi, wewe na kuku wako mnaweza kubeba E. coli wale wale. Jeni za usugu nazo zilikuwa zimezagaa pande zote. Ukikumbuka jinsi dawa za kuku zinavyouzwa kwenye agroveti, zikitiwa kwenye maji wanayokunywa kuku wote, mgonjwa na mzima, hutashangaa.

Sasa tuje kwenye taifodi, maana Eastlands huwezi kuzungumzia homa bila mtu kuitaja.

Upande wa Embakasi, nyuma ya Industrial Area, uko Mukuru: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben, mabati yaliyobanana kandokando ya mitaro na mto. Samuel Kariuki na wenzake wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Kenya, KEMRI, walianza kuvifuata vijidudu vya taifodi vya Nairobi tangu milipuko ya mwishoni mwa miaka ya 1990, pale ilipobainika kwamba chloramphenicol, ampicillin na Septrin, dawa tatu zilizozoeleka, hazifui dafu tena. Walipovichunguza kwa jeni walikuta vingi ni vya ukoo mmoja uitwao H58. Ukoo huo ulianzia Asia Kusini, ukaingia Afrika Mashariki zaidi ya mara moja, ukazaa matawi yake hapa hapa na kuendelea kusambaa kusini mwa bara. Hakuna mhamiaji aliyewahi kupata makazi haraka hivyo.

Mwaka 2021 kundi la Kariuki lilichapisha matokeo ya miaka mitatu miongoni mwa watoto wa Mukuru chini ya umri wa miaka 16. Watoto 4,670 walikuwa na homa. Vimelea vya taifodi vilivyopatikana kwao ni 148. Watoto wengine 8,549 wa rika hilo hawakuwa na homa, lakini vimelea 95 vilipatikana kwenye choo chao. Karibu mmoja katika kila mia, mzima, anacheza bano na wenzake, na amebeba taifodi. Vingi vya vimelea hivyo, kwa wagonjwa na kwa wabebaji, vilikuwa H58 vyenye usugu wa dawa nyingi, vikifanana mno hata huwezi kusema hiki ni cha mgonjwa na hiki ni cha mbebaji. Kimelea cha taifodi hupenda kujificha kwenye mfuko wa nyongo, na kukiwa na vijiwe huvifunika kwa utando ambao dawa huupenya kwa shida.

Rudi kwenye hesabu ya kwanza. Kati ya watoto wenye homa, waliothibitishwa ni kama 3 katika kila 100. Mimi mwenyewe nimeambiwa nina taifodi mara nne katika kliniki tofauti za mtaani ambazo sitazitaja, na mara zote nilitoka na bahasha ya cipro. Mara moja ilikuwa malaria niliyotoka nayo Kisumu. Nyingine sijui, ziliisha zenyewe. Kipimo kilichotumika kila mara ni kile cha tone la damu kwenye kigae, Widal, kilichopewa jina la daktari Mfaransa Fernand Widal aliyekitangaza mwaka 1896. Wakati huo Nairobi haikuwa hata kituo cha reli. Kipimo hiki hakimtafuti kimelea. Kinatafuta askari ambao mwili uliwahi kuwatuma, na askari hao hubaki kambini muda mrefu baada ya vita, au hutokea kwa sababu ya adui mwingine anayefanana na huyo. Katika mtaa ambamo karibu kila mtu amewahi kukutana na vijidudu vya jamii hiyo, kusema "una typhoid" kwa Widal ni sawa na kusema una jina la ukoo.

Njia ya kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara: inachukuliwa kabla hujameza dawa, inatiwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, na unasubiri siku kadhaa. Yupo mama wa vibanda vya mboga Umoja atakayefunga biashara siku tatu kungoja chupa iote? Cipro ipo kaunta, na anayeiuza anaitwa daktari. Sitawalaumu wote wawili. Ila cipro ni mojawapo ya dawa zilizochukua kazi baada ya zile tatu kushindwa, na foleni nyuma yake si ndefu. Julai 2025 serikali ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya taifodi kote nchini, sambamba na kampeni ya surua na rubela. Kwa usugu, chanjo ina sifa moja kubwa kuliko dawa: mtoto asiyeugua hanunui cipro.

Je, wajua hospitali ya Pumwani ilianzaje? Hospitali hiyo ya uzazi, ambamo nusu ya Nairobi inadai ilizaliwa, ilianza mwaka 1926 ikihusishwa na Lady Grigg, mke wa gavana wa kikoloni. Naitaja kwa sababu wadi ya watoto wachanga, iwe ya Pumwani, ya London au ya Mumbai, ndiyo mahali ambapo usugu hauna mzaha. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ana ngozi nyembamba kama karatasi ya chapati, ana sindano ya dripu, pengine na mpira wa kumlisha puani. Kila tundu ni mlango. Bakteria anayeongoza kwa kuingia humo katika nchi nyingi za Afrika ni Klebsiella, ambaye tumboni mwa mtu mzima hukaa kimya bila kumsumbua mtu. Husafiri kwa mikono. Bakteria wengine wanaovamia wadi, kama Acinetobacter, huweza kukaa wiki nyingi kwenye reli kavu ya kitanda, pazia au simu, na bomba la sinki ni makazi ya kudumu. Ndiyo maana nesi mmoja mwenye watoto wengi kupita kiasi, hata awe malaika, tayari ni njia ya bakteria: hana muda wa kunawa kati ya mtoto na mtoto.

Mwaka 2008 mgonjwa aliyetoka kutibiwa New Delhi alipimwa Sweden, akakutwa na Klebsiella mwenye kimeng'enya kinachozivunja hata karbapenemu, dawa ambazo hospitali huziweka kama akiba ya mwisho. Kimeng'enya kikaitwa NDM-1, ND ikiwa ni New Delhi, na wakuu wa India wakakasirika. Wachache huku kwetu wanajua kilichofuata. Mwaka 2011, Gunturu Revathi wa Nairobi na wenzake wa Ufaransa walichapisha habari za Klebsiella wenye NDM-1 waliotoka kwa wagonjwa wa hospitali moja ya Nairobi, waliokusanywa kati ya 2007 na 2009. Wakati Ulaya inaandika jina la mgeni daftarini, hapa alikuwa amelala kitandani tayari.

Dawa zikipungua, watu hufungua makabati ya zamani. Fosfomycin iligunduliwa mwaka 1969 kutokana na udongo wa Hispania, kisha nchi nyingi zikaisahau. Ni Kilifi, pwani yetu, ambako watafiti waliipima kwa watoto wachanga 120 ili wajue kipimo kinachowafaa.

Nimeacha Majengo mwisho, na inafaa kusimuliwa polepole kidogo.

Majengo ya Pumwani, hatua chache tu kutoka hospitali ile ya uzazi, imekuwa makao ya wanawake wanaouza ngono tangu enzi za ukoloni. Miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, walifika huko wakifuatilia magonjwa ya zinaa. Kati yao walikuwa Frank Plummer na Elizabeth Ngugi, muuguzi aliyekuja kuwa profesa, ambaye aliwaketisha wanawake hao barazani akawasikiliza kabla ya kuwachoma sindano yoyote. Kisonono wakati huo kilikuwa kimeanza kuikataa penisilini. Kisha UKIMWI ukafika, na katika janga lile likatokea jambo lililoushangaza ulimwengu: baadhi ya wanawake, baada ya miaka mingi ya kukutana na virusi karibu kila wiki, hawakuambukizwa. Ripoti ya mwaka 1996 iliwaita sugu kwa virusi hivyo.

Mwaka 2001 ikaja sura ya pili. Baadhi ya wanawake hao hatimaye waliambukizwa, na jambo lililohusishwa na maambukizi yao ni kwamba walikuwa wamepumzika kazi hiyo kwa muda, wengine wakienda mashambani kwao, kisha wakarudi. Inaelekea kinga yao ilihitaji kusuguliwa mfululizo, ikiachwa, inalainika. Hii, kwa maana kamili ya Kiswahili, ndiyo sugu. Mwulize fundi wa Kamukunji aliyekaa kijijini miezi sita jinsi nyundo inavyomchubua siku ya kwanza.

Je, vijidudu navyo hulainika tukiviacha? Malawi iliiondoa klorokwini mwaka 1993 kwa sababu vimelea vya malaria havikuijali tena. Miaka kumi na kitu baadaye, katika jaribio lililofanyika Blantyre, dawa hiyo ilifanya kazi karibu kwa kila mgonjwa aliyepewa. Habari hiyo iliwapa wengi matumaini. Lakini malaria haisababishwi na bakteria. Uingereza ya miaka ya 1990 ilipunguza dawa za salfa, jamii ya Septrin, kwa asilimia 97. Mwaka 1999 watafiti wa London walipopima E. coli za hospitali walitarajia usugu uwe umeshuka. Ulikuwa umepanda kidogo, kutoka karibu asilimia 40 hadi 46.

Sababu mojawapo mwenye kibanda Gikomba angeielewa kabla hujamaliza kuieleza. Ukitaka makoti hununui koti moja, unanunua robota zima lililofungwa kwa mkanda, na ndani yake kuna hata nguo ambazo hukuzitaka. Jeni za usugu nazo husafiri zikiwa zimefungwa pamoja kwenye plasmidi moja: ya salfa, ya streptomycin, ya tetrasaiklini, wakati mwingine hata ya dawa za kusafishia sakafu. Dawa moja ikiendelea kutumika, robota lote linaendelea kununuliwa.